Orodha yangu ya vitabu vipya kila mwezi inazua malalamiko

Barua

Wapendwa washauri,

Chama chetu cha wasomaji kina watu thelathini na ushei, na mwaka huu kazi ya kuandaa orodha ya vitabu vipya imeniangukia mimi. Kila mwezi natakiwa nitoe vitabu kumi vilivyochapishwa karibuni, vya tanzu mbalimbali: riwaya, upelelezi, bunilizi za kisayansi, historia, wasifu, sayansi, ushairi, na kimoja au viwili vya watoto. Mchana niko kazini, usiku napata saa moja ya kusoma. Kwa mwezi namaliza vitabu viwili, nikijikaza vitatu. Hivyo vingine nasoma maneno ya nyuma ya jalada na maoni ya watu mtandaoni, kisha naandika.

Mzee mmoja aligundua kwamba kitabu nilichokiita kipya alikisoma akiwa kijana. Kilichobadilika ni jalada tu. Mama mmoja alinirudishia kitabu cha watoto kwa sababu mwanawe wa miaka saba alikesha kwa woga. Mpenzi wa riwaya za upelelezi anasema nimemfichulia muuaji. Na wengi wananong'ona kwamba orodha nzima ni ladha yangu: riwaya za familia zenye majonzi, na vingine vimetiwa kujaza nafasi. Kwa hilo la mwisho sina la kujitetea.

Naomba mambo mahususi, si maneno ya kunipa moyo. Naweza vipi kupendekeza kitabu ambacho sikukimaliza bila kudanganya watu? Kitabu huitwa kipya hadi lini? Na ile aya fupi ya maelezo niiandikeje?

Ni mimi,
Mtunza Orodha

Jibu

Ndugu Mtunza Orodha,

Kilichokuangusha ni hesabu, kabla hata hujashika kalamu. Tuseme unasoma kurasa 30 kwa saa, kasi ya mtu aliyerudi kazini amechoka. Kwa mwezi hizo ni kurasa 900, yaani vitabu vitatu vya kurasa 300. Vitabu kumi havitoki humo, hata ukinyimwa usingizi. Punguza orodha iwe vitabu sita. Kisha tafuta wenzako watatu chamani, kila mmoja ashike utanzu anaoupenda, na wa kwanza kumfuata ni huyo mpenzi wa upelelezi aliyekulalamikia. Kila mmoja akimaliza kimoja kwa mwezi, wewe ukamaliza viwili, tayari mna vitano vilivyosomwa mwanzo hadi mwisho. Cha sita kinaweza kuwa cha kuonjwa.

Kuonja si aibu mradi useme. Chini ya kila pendekezo andika "kimesomwa chote" au "kimeonjwa, kurasa 60". Maneno hayo machache yatakurudishia imani ya watu haraka kuliko aya nzima ya sifa.

Namna ya kuonja nayo ina utaratibu wake. Ukisoma kurasa za mwanzo tu utadanganyika, kwa kuwa hizo ndizo mwandishi na mhariri wake walizozipiga msasa zaidi. Soma 20 za mwanzo, 20 za katikati, kisha 20 zinazoanzia kwenye theluthi ya mwisho. Riwaya dhaifu hulegea katikati: watu wanakaa wakikumbuka yaliyopita, mazungumzo yanarudia tunayoyajua, sura zinaishia hewani. Ukifika theluthi ya mwisho ukakuta bado kuna mhusika mpya anatambulishwa kwa kurasa tatu, shuku.

Ila kuna vitabu visivyoonjwa. Riwaya ya upelelezi ni kama mzani: upande mmoja dalili, upande wa pili ufumbuzi, na huwezi kujua kama umesawazika mpaka ukurasa wa mwisho. Nyingi huanza vizuri mno, zikaishia kwa muuaji asiyewahi kuonekana ila mara moja, mlangoni, akileta barua. Hicho hukipendekezi kama hujafika mwisho. Kitabu cha watoto vilevile, tutakirudia.

Vitabu visivyo vya kubuni, kinyume chake, vinakaguliwa vizuri bila kusomwa vyote, ukijua pa kutazama. Chukua historia au sayansi. Anza nyuma: kuna tanbihi, kuna marejeo, kuna faharasa? Kitabu cha kurasa 400 cha historia kisicho na tanbihi hata moja kinakutaka uamini kwa imani tu. Soma dibaji, soma sura ya mwisho, halafu tumia faharasa kutafuta jambo moja unalolijua barabara, ukaone limeelezwaje. Kama amekosea pale unapojua, jiulize amekosea mara ngapi pale usipojua. Katika wasifu tazama kama familia ya mhusika iliridhia na kutoa barua na shajara zake. Ikiwa iliridhia, mwandishi amepata vyanzo, lakini huenda pia amefunga mdomo kwa baadhi ya mambo. Ikiwa haikuridhia, mambo hugeuka. Msomaji anastahili kuambiwa ni ipi kati ya hali hizo mbili.

Vya sayansi vina mtego wa tarehe. Kutoka mswada kukamilika hadi kitabu kufika rafuni mara nyingi hupita mwaka au zaidi. Kwa kitabu cha nyota au cha mageuzi ya viumbe hilo halidhuru sana. Kitabu cha akili mnemba (AI) kinaweza kuzeeka kabla ya wino kukauka. Tafuta kwenye dibaji au shukrani tarehe aliyomaliza kuandika, uitaje.

Vitabu vya kujiendeleza tunavipitia upesi: soma sura ya kwanza na ya mwisho. Ukiweza kuueleza ujumbe wote kwa sentensi mbili, waandikie wenzako hizo sentensi mbili, uwaokolee kurasa 250. Kikiahidi tiba ya kila ugonjwa na mwandishi ndiye muuzaji wa dawa yenyewe, kiache.

Sasa suala la upya, na kitabu cha yule mzee.

Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina ambao karibu kila mtu anauruka. Hapo tenganisha mambo mawili. Toleo hubadilika maandishi yanapobadilishwa. Chapa huongezeka nakala zinapopigwa upya bila kugusa maandishi. Kitabu cha chapa ya tano kinaweza kuwa cha miezi mitatu tu, kimeuzwa sana. Na kitabu chenye jalada linalong'aa kinaweza kuwa na maneno yaleyale ya miaka thelathini iliyopita. Baadhi ya wachapishaji huweka mstari wa tarakimu, mathalani 10 9 8 7 6 5 4 3. Iliyo ndogo kuliko zote ndiyo namba ya chapa uliyoshika; hii ni ya tatu. Mwaka wa kutafuta ni ule wa kuchapishwa kwa mara ya kwanza.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, usiitegemee kuwa ushahidi wa upya. Jalada gumu, jalada jepesi na kitabu pepe kila kimoja hupewa namba yake, kwa hiyo namba mpya yaweza kuwa ya umbo jipya tu. Ila inafaa kwa kitu kimoja: namba hizo zimekuwa za tarakimu 13 tangu 2007, na kabla ya hapo zilikuwa 10. Ukikuta kitabu chenye namba ya tarakimu 10 pekee, nakala hiyo ina umri, hata kama mtu amekiita kipya. Tarehe inayooneshwa na maduka ya mtandaoni nayo mara nyingi ni ya umbo hilo linalouzwa, si ya kitabu chenyewe. Filamu ikitoka, au mwandishi akipata tuzo kubwa, vitabu vyake vya zamani huvishwa majalada mapya; wakati huo ndipo ukurasa wa hakimiliki unahitajika kuliko wakati wowote. Nobel, kwa mfano, hupewa mwandishi kwa kazi zake, si kitabu kimoja, na wiki zinazofuata rafu hujaa "vipya" vya tangu zamani.

Tafsiri zinataka kanuni yake, na sisi tungekushauri uwe mkarimu. Andika miaka miwili. We Do Not Part ya Han Kang, aliyepata Nobel mwaka 2024, ilitoka kwa Kikorea mwaka 2021 na kwa Kiingereza mwaka 2025. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ni ya 1994, lakini Peponi, tafsiri yake ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ni ya 2022. Kwa msomaji aliyekuwa akiisubiri katika lugha yake, hicho ni kitabu kipya, na jina la mfasiri liandikwe sambamba na la mwandishi. Kuna hata kilicho tata zaidi: Heart Lamp ya Banu Mushtaq, kilichofasiriwa kutoka Kikannada na Deepa Bhasthi, kilishinda tuzo ya International Booker, ya vitabu vilivyofasiriwa kwa Kiingereza, mwaka 2025. Humo mna hadithi fupi 12, na zimeandikwa kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini. Kipya au cha zamani? Kitabu ni kipya, hadithi zina umri. Liandike hivyo hivyo, hakuna atakayekulaumu. (Na tunaona barua yako haikutaja hadithi fupi kabisa. Kwa watu wenye saa moja usiku, huo ndio utanzu wa kuanza nao.)

Kwa vitabu visivyo tafsiri, weka dirisha la miezi 12 tangu kuchapishwa. Mwezi mmoja ni mfupi mno: nakala bado hazijaenea, foleni za maktaba ni ndefu, na maoni yaliyopo yametoka kwa waliopewa nakala za awali bure, ambazo zenyewe huwa hazijasahihishwa mwisho. Miezi 12 inatosha pia kwa jalada jepesi kuanza kutoka. Angalia tu tuzo zisikuvuruge. Booker hupokea vitabu vilivyochapishwa kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Septemba, na mshindi hutangazwa baadaye, kwa hiyo kitabu chake kinaweza kuwa kimeshapita mwaka. Orbital ya Samantha Harvey ilichapishwa Novemba 2023, ikashinda Novemba 2024. Tumia orodha fupi ya tuzo zaidi ya mshindi; ile ya Booker huwa na vitabu sita, na chako huenda ni cha nne. Kwa bunilizi za kisayansi na fantasia tazama tuzo za Hugo na Nebula, kwa upelelezi Edgar. Tuzo za tanzu hufuatwa na watu wanaoupenda utanzu wenyewe, ndiyo maana husaidia kuliko maoni ya jumla. Na kwa bunilizi za kisayansi kagua kwanza kama kitabu ni cha mfululizo. Kumpendekezea mtu cha tatu bila kumwambia kuna viwili vya kwanza ni kumwingiza sinemani filamu ikiwa katikati.

Kabla hujaandika jina lolote, hakikisha kitabu kipo. Usicheke. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoa orodha ya vitabu 15 vya kusoma majira ya joto, katika toleo la ziada lililoandaliwa na kampuni ya nje. Waandishi walikuwa wa kweli, lakini vitabu 10 havikuwahi kuandikwa. Mwandaaji alitumia programu ya akili mnemba, hakukagua. Kwa hiyo kila jina litafute mahali pawili pasipotegemeana: ukurasa wa mchapishaji mwenyewe, na katalogi ya maktaba kama WorldCat. Jihadhari pia na vile vijitabu vya "muhtasari" na "wasifu" vinavyozuka siku chache baada ya kitabu maarufu kutoka. Havina mchapishaji anayejulikana, na mwandishi wake ameandika vitabu ishirini kwa miezi miwili.

Tuje kwenye aya yako ya maelezo. Maneno 50 hadi 80 yanatosha. Maneno ya nyuma ya jalada usiyanakili, kwa kuwa yaliandikwa ili kuuza, na zile sifa za waandishi wengine huombwa kabla kitabu hakijatoka. Futa "kinasisimua", "cha lazima", "cha kipekee". Yanafaa kila kitabu, kwa hiyo hayafai chochote. Kazi ya aya hiyo ni kumwezesha mtu akatae. Ndiyo, akatae. Pendekezo ambalo haliwezi kumkatisha tamaa mtu yeyote halimsaidii yeyote kuchagua. Sema kinahusu nini, kinasomekaje (urefu, kasi, mpangilio), kinamfaa nani, na nani atakichukia na kwa nini.

Linganisha. Namna mbaya: "Orbital ni riwaya ya kipekee iliyoshinda Booker, ina lugha tamu na itakugusa moyo." Namna tunayoipendekeza:

"Wanaanga sita wako kwenye kituo cha angani, na riwaya nzima ni siku yao moja, ambamo wanaizunguka Dunia mara 16. Kurasa 136, lakini usiikimbilie: sentensi ni ndefu na za kutazama, si za kutenda. Inamfaa mpenda ushairi na mtu anayependa kutazama ramani. Anayesubiri chombo kiharibike na watu waokolewe ataisubiri bure. Ilichapishwa 2023. Imesomwa yote."

Aliyeipenda na aliyeichukia wote wataona aya hiyo imesema kweli.

Katika kusimulia, usivuke robo ya kwanza ya kitabu. Kwa upelelezi kaza zaidi: taja uhalifu wa kwanza, mahali, anayechunguza, basi. Na usiandike "mwisho utakushangaza." Hilo nalo ni kufichua, maana msomaji ataanza kumshuku asiyeshukiwa tangu sura ya pili, na mara nyingi atapatia. Tunakisia ndivyo ulivyomfichulia mwenzio, hata kama hukumtaja muuaji kwa jina.

Kitabu cha watoto ni kinyume kabisa: mzazi ana haki ya kufichuliwa kila kitu. Mbwa anakufa? Sema. Mama anapotea msituni na anapatikana? Sema vyote viwili. Kosa lako, kwa makisio yetu, lilikuwa kufuata umri uliochapwa jaladani. Umri huo kwa kawaida hueleza uwezo wa kusoma: urefu wa sentensi na ugumu wa maneno. Hauelezi kinachotisha. Mtoto wa miaka saba anayesoma haraka ana woga wa mtoto wa miaka saba. Basi andika umri wa aina mbili, wa kusoma na wa kuvumilia, kwa mfano "kusoma 7, kuvumilia 9", kisha orodhesha yanayoweza kuumiza: kifo, giza, kuachwa, damu, mzazi mkali. Tazama na picha, kwani mara nyingi kinachomkesha mtoto ni ukurasa mmoja wenye mchoro, wala si maneno. Vya picha kwa kawaida huwa na kurasa 32. Unakimaliza kabla chai haijapoa, kwa hiyo hapa hakuna udhuru wa kuonja.

Ushairi usiupime kwa kurasa. Diwani ya kurasa 70 inataka usiku kadhaa. Soma mashairi matatu kwa sauti, moja la mwanzo, moja la katikati, moja la mwisho, na katika aya yako nukuu mistari miwili tu. Ndiyo itakayoamua, si maelezo yako.

Kuhusu ladha yako kutawala, usijaribu kusawazisha kila mwezi. Ukilazimisha kila utanzu uwemo katika vitabu sita, utarudi kulekule kwa kujaza nafasi. Sawazisha kwa miezi mitatu: vitabu 18, utanzu mmoja usizidi vinne, angalau vitatu viwe tafsiri, na kila mwezi kimoja kisizidi kurasa 200. Mwezi usio na kitabu kizuri cha historia hauna kitabu cha historia.

Kisha fuatilia. Nyota tano au tatu hazikuambii kitu, kwa sababu mtu huweza kukipa kitabu nyota nne na asikimalize. Uliza maswali mawili: ulikianza? uliachia ukurasa wa ngapi? Andika kwenye daftari. Watu watatu wakiachia ndani ya kurasa 50 za mwanzo, huenda kitabu hakina kosa. Aya yako iliwaita watu wasio wake. Wakiachia karibu na ukurasa wa 200, kitabu kinalegea, na hukukionja katikati.

Makosa yaliyokwisha kutokea yasahihishe kwenye orodha ijayo, juu kabisa, kwa sentensi moja moja: kitabu fulani ni chapa mpya ya kitabu cha zamani, kile cha watoto kinafaa kuanzia miaka tisa. Na yule mzee aliyekisoma kitabu chako akiwa kijana usimkwepe. Mpe rasimu ya orodha wiki moja kabla hujaitoa, akukagulie miaka.